"Wanawake wa nyumba yetu wote shingo. Je, na mimi nitaugua?"

Shikamoo Dokta,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Njombe, kwa sasa ninafanya kazi Dodoma. Nimeposwa. Mahari imeshazungumzwa nusu na ndoa ilipangwa baada ya mavuno, lakini mambo yamekwama mahali ambapo sikutarajia: shingoni.

Bibi mzaa mama alikuwa na rovu kubwa tangu ujana wake huko Makete mpaka anafariki. Alizoea kulifunika kwa kitenge, na sisi wajukuu tulidhani wazee wote wako hivyo. Mama yangu naye alitoka uvimbe shingoni, akafanyiwa upasuaji nikiwa darasa la pili. Ana kovu, na kila asubuhi anameza kidonge kabla ya chai. Mama mdogo hakuvimba. Yeye alinenepa, akawa mzito wa kila kitu hata kuongea, na alipokuja kunitembelea Dodoma mwezi wa kumi, kwenye joto lote lile, alikuwa amevaa sweta. Hospitali walimwambia kinga ya mwili wake inaishambulia tezi ya shingo, wakamwandikia dawa ya maisha. Halafu dada yangu, tumbo moja. Baada ya kujifungua mtoto wa pili alianza kukonda huku anakula kama mvuna shamba, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, macho yakatoka nje. Kwake walisema ni ugonjwa wa Graves, na anatumia kabimazoli.

Sasa mshenga wa upande wa mchumba wangu amekuja na swali kutoka kwa shangazi yao: mbona wanawake wa nyumba ile wote shingo? Neno lilipotoka hapo likaota miguu. Wapo wanaosema ni mkosi wa ukoo. Wapo wanaosema nikizaa watoto wa kike nao watakuwa hivyo hivyo. Mchumba wangu hasemi kitu, ila juzi aliniuliza kwa upole kama ninaweza kwenda kupima.

Nikaingia kwenye simu kutafuta. Nikasoma kwamba ugonjwa wa Graves ni wa kurithi kwa asilimia 79. Dokta, nilifunga simu nikakaa kitandani. Yaani nina asilimia 79 za kuugua? Nimeona pia kampuni ya nje ambayo unatema mate kwenye kichupa, unatuma, wanakupimia vinasaba na kukuambia magonjwa yatakayokupata. Bei yake inakaribia mshahara wangu wa mwezi mmoja, lakini niko tayari kulipa kama itawanyamazisha watu.

Naomba uniambie: nitaugua? Watoto wangu je? Hicho kipimo cha mate nikifanye? Na upande wa pili niwaambie nini?

Nyongeza: kaka yetu ana mabaka meupe mikononi na pembeni mwa mdomo. Daktari alisema ni balanga. Shingo yake haina shida. Nimemtaja tu kwa sababu shangazi naye alimtaja.

Mwenye Shingo Nzima,
Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na shingo izidi kuwa nzima.

Nianze na hiyo asilimia 79, maana naona imekukosesha usingizi kuliko hata shangazi. Namba ni ya kweli, ila haisemi ulichoelewa. Ilitoka Denmark, nchi yenye daftari la mapacha la miaka mingi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Watafiti walichukua mapacha ambao mmoja wao ana ugonjwa wa Graves, wakauliza: na mwenzake je? Kwa mapacha wanaofanana, waliotoka katika yai moja na wenye vinasaba vile vile, mwenzake naye alikuwa nao kwa asilimia 35. Kwa mapacha wasiofanana, ambao kwa vinasaba ni kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja, ilikuwa asilimia 3. Kutokana na pengo hilo wakakokotoa kwamba, ukitazama jamii nzima ile, asilimia 79 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika wepesi wa kupata Graves inaelezwa na urithi. Hiyo ni habari ya kundi la watu. Haihesabu nafasi ya mtu mmoja aitwaye wewe.

Sasa zisome tena hizo namba mbili ndogo, 35 na 3, maana ndizo zenye habari yako. Pacha mwenye vinasaba vile vile kabisa na mgonjwa, aliyelelewa naye nyumba moja, mara nyingi zaidi hakuugua. Na wewe si pacha wa dada yako. Mmezaliwa tumbo moja tu. Kwa ugonjwa wa mama mdogo, unaoitwa Hashimoto, Wadenmark hao hao walikuwa wametoa namba zao mwaka mmoja kabla: asilimia 55 kwa wanaofanana, na sifuri kwa wasiofanana. Hiyo sifuri usiichukue kama ahadi, kwa sababu mapacha waliopatikana walikuwa wachache. Lakini nadhani unaona picha inavyokaa. Urithi una nguvu kubwa, na bado urithi peke yake hautoshi kumwangusha mtu.

Kuna utafiti mwingine unaokugusa kwa karibu zaidi, wa Amsterdam. Walifuatilia wanawake 790 wenye afya ambao wana ndugu wa damu mwenye Graves au Hashimoto, yaani wanawake wa hali yako hasa. Baada ya miaka mitano, asilimia 7.5 walikuwa wamepata tezi iliyolegea, yenye homoni pungufu, au inayokimbia, yenye homoni kupita kiasi, wengi wao iliyolegea. Ni wengi kuliko wanawake wasio na ndugu mgonjwa, hilo silifichi. Lakini zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa bado wazima. Ukihitaji namba ya kulala nayo, chukua hiyo.

Sasa tumrudie bibi, maana nadhani amesingiziwa.

Makete ni juu milimani, mbali na bahari. Mvua za maelfu ya miaka zimeosha madini joto kwenye udongo wa nyanda hizo, kwa hiyo mahindi, viazi na mboga zinazoota pale zina madini hayo kidogo mno. Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni zake bila madini joto. Ikikosa, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huzidi kuisukuma kwa homoni iitwayo TSH, na tezi ya shingo ikisukumwa mwaka hadi mwaka hukua. Hilo ndilo rovu walilokuwa nalo wanawake wengi wa Nyanda za Juu Kusini wa rika la bibi yako, wa koo mbalimbali wasiohusiana kabisa. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, na miaka ya 1990 kuweka madini joto kwenye chumvi kukawa takwa la sheria. Wewe, uliyezaliwa baada ya hapo, umekula chumvi tofauti na ya bibi. Siwezi kumpima marehemu, lakini rovu kubwa lililoanza ujanani, Makete, enzi zile, kwa mtu aliyeishi mpaka uzee bila dawa: kwa daktari yeyote jambo la kwanza kulifikiria ni ukosefu wa madini joto. Familia hurithishana vinasaba, na pia hula chungu kimoja. Watu wakiona ugonjwa umejirudia ndani ya nyumba, mara moja husema ni damu, na chumvi haiulizwi.

Mama yako yuko katikati. Kidonge anachomeza kila asubuhi hakituambii kitu, kwa sababu mtu aliyetolewa tezi yote, kwa sababu yoyote ile, lazima apewe homoni ya kufidia. Kinachoweza kutuambia ni karatasi ya majibu ya nyama iliyokatwa na kupelekwa maabara wakati wa upasuaji. Wazee wetu hutunza karatasi za hospitali kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, kwa hiyo mwombe atafute. Karatasi ikisema rovu lenye vinundu vya kawaida, mama anahamia upande wa bibi. Ikisema tezi ilijaa chembe za kinga, anahamia upande wa mama mdogo. Na kama ilikuwa saratani, unapaswa kujua, maana zipo aina chache za saratani ya tezi zinazorithiwa kwa njia nyingine kabisa, na hiyo ingekuwa barua tofauti. Karatasi ikikosekana, daktari wake wa sasa anaweza kumwandikia kipimo cha antibodi, yaani silaha za kinga zinazoonekana kwenye damu.

Wanaobaki bila ubishi ni wawili: mama mdogo na dada. Ugonjwa wa mmoja unaonekana kinyume cha mwingine, mmoja kapoa na mwingine kawaka, lakini chanzo ni kimoja. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeiona tezi kama mgeni. Kwa mama mdogo inaibomoa taratibu mpaka homoni zinapungua. Kwa dada imetengeneza antibodi zinazokaa kwenye kipokezi cha TSH, yaani pale tezi inapopokelea amri ya TSH, na kukibonyeza usiku na mchana, tezi ikafanya kazi bila kupumzika. Ugonjwa wa dada ulielezwa na Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, ule wa mama mdogo na Hakaru Hashimoto, Mjapani, mwaka 1912, na wote wawili waliandika juu ya wagonjwa wanawake. Hata hivyo ni mwaka 1956 tu, London, ndipo ilipogunduliwa kwamba wagonjwa wa Hashimoto wana antibodi zinazoishambulia tezi yao wenyewe. Kabla ya hapo hakuna hospitali yoyote duniani ambayo ingeweza kumpima bibi yako damu, katika ujana wake, ikamwambia kama rovu lake limetokana na kinga.

Na ndani ya nyumba moja, kuwa na mmoja wa Hashimoto na mmoja wa Graves ni jambo la kawaida kabisa. Kinachorithiwa ni ule wepesi wa kinga kukosea, na kila mtu hupata sura yake, au hapati kitu.

Wepesi huo unakaa kwenye jeni nyingi. Kundi la HLA, lililo kwenye kromosomu ya 6, linatengeneza protini zinazozionyesha chembe za kinga kipi ni cha mwili na kipi kimetoka nje. Aina iitwayo DR3 imeonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Graves wa Ulaya, wakati Japani na China aina zinazohusishwa ni nyingine. Jeni ya CTLA4 ni breki ya chembe za kinga, na wapo watu ambao breki hiyo inashika kwa ulegevu kidogo. Jeni ya PTPN22 nayo inahusika na kuzituliza chembe hizo hizo. Halafu kuna za tezi yenyewe: jeni ya thairoglobulini, protini ambayo tezi huitumia kutengenezea homoni, inayohusishwa na magonjwa yote mawili, na ile ya kipokezi cha TSH, ambayo ni ya Graves. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha kuleta ugonjwa. Kila moja inaongeza kidogo, na zote hizo wanazo pia mamilioni ya watu wazima wasio na shida yoyote. Kwa hiyo hakuna "jeni ya shingo" ambayo mama anamkabidhi binti kama anavyomkabidhi kanga.

Kwa nini wanawake? Ugonjwa huu huwapata wao mara 5 hadi 10 zaidi ya wanaume. Sehemu ya jibu huenda iko kwenye kromosomu X, ambazo mwanamke anazo mbili na mwanaume moja, na kuna jeni za kinga juu yake. Sehemu nyingine ni uzazi, nitaufikia.

Hapo ndipo ninapokuomba uitunze hela yako. Hicho kichupa cha mate kitatafuta vibadiliko vya jeni vya aina fulani, na orodha ya vibadiliko hivyo kwa sehemu kubwa imetoka kwenye tafiti za Wazungu. Mfano mzuri ni PTPN22. Kibadiliko chake mashuhuri, kinachohusishwa na magonjwa mengi ya kinga kujishambulia, Ulaya kipo kwa watu wengi, lakini kwa Waafrika na kwa watu wa Asia Mashariki hakionekani kirahisi. Kampuni itakuandikia kwamba huna, utafurahi, na furaha hiyo haitakuwa na maana kwa sababu hata dada yako mgonjwa huenda hana. Au watakuambia una DR3, utalia, na watu wengi wenye DR3 hawaugui. Hakuna mwongozo wa madaktari wa tezi unaoagiza kupima jeni hizi kwa mtu mzima asiye na dalili. Kumnyamazisha shangazi kwa karatasi yenye asilimia ambazo wewe mwenyewe huwezi kuzieleza, mwanangu, ni kumpa kuni.

Ukitaka kupima, pima tezi. Kipimo ni damu kidogo ya mkononi, na maabara yoyote nzuri ya hospitali ya mkoa au ya rufaa itajua ukisema TSH na anti-TPO. TSH inaonyesha tezi inafanya kazi vipi leo. Anti-TPO ni antibodi, nayo inaonyesha kama kinga imeshaanza kuichokoza. Hivi viwili vinasema juu ya kesho yako zaidi ya jeni zote nilizotaja hapo juu. Katika mji wa Whickham, Uingereza, watu walifuatiliwa kwa miaka 20. Mwanamke mwenye antibodi peke yake, TSH ikiwa sawa, alikuwa na nafasi ya asilimia 2.1 kila mwaka ya kuishia na tezi iliyolegea. Mwenye antibodi na TSH iliyopanda pamoja, asilimia 4.3 kila mwaka.

Kwa hiyo ukipata TSH ya kawaida na antibodi hakuna, nenda zako. Rudia ukiwa na dalili au ukipanga mimba. Ukipata TSH ya kawaida lakini antibodi zipo, wewe si mgonjwa na hupewi dawa. Unapima TSH mara moja kwa mwaka, basi. Na usishtuke, maana Uingereza na Marekani zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi anatembea na antibodi hizi bila kujua. Jambo dogo linaloharibu majibu: kama unameza vidonge vya kukuza nywele na kucha, vingi vina bayotini nyingi, na bayotini huvuruga mashine za maabara mpaka mtu mzima aonekane ana Graves. Acha siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu, na umwambie mhudumu wa maabara.

Wapo watakaokuuzia matone ya madini joto au unga wa mwani "kusafisha tezi". Kataa. Madini joto yakizidi sana kwa mtu mwenye wepesi huu yanaweza kumwamshia ugonjwa. Hilo lakini lisikufanye uikimbie chumvi ya dukani, na najua wapo wanaoshauri hivyo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250, na chumvi yenye madini joto ndiyo njia iliyowaondolea wajukuu wa Makete rovu la bibi zao. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na uitie chakula kikikaribia kuiva, maana moto na hewa huyapunguza.

Sasa uzazi, ambao kwako ndio wenye uzito kuliko jeni zote. Wakati wa mimba kinga ya mama hutulia ili isimsumbue mtoto. Akishajifungua inarudi kwa nguvu, na kwa mwenye wepesi wa kurithi huo ndio muda wa hatari. Si ajabu dada yako alianza pale alipoanza. Takriban mwanamke mmoja kati ya 20 hupata mtikisiko wa tezi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua: miezi ya mwanzo moyo kwenda mbio na kukonda, baadaye uchovu, baridi na huzuni. Kwa wenye antibodi mwanzoni mwa mimba, hupata theluthi moja hadi nusu. Wengi hupona wenyewe, lakini wanawake wetu huambiwa ni uchovu wa kunyonyesha, au ni mvivu, au amerogwa na mke mwenzie. Wewe utakuwa unajua.

Kwa hiyo pima TSH na anti-TPO kabla ya kushika mimba, na ukiwa na antibodi mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, ili TSH ifuatiliwe kila baada ya wiki nne hivi mpaka katikati ya mimba. Mtoto katika wiki za mwanzo anategemea homoni za tezi ya mama yake, kwa hiyo tezi iliyolegea bila kutibiwa inaweza kuleta mimba kuharibika au kumdhuru mtoto. Ikitibiwa, mimba inaendelea kama nyingine. Tena dawa yenyewe ni kidonge cha levothairoksini, homoni ile ile ambayo mwili ungetengeneza.

Na binti zako, kama Mungu atakujalia? Kwao wagonjwa watakuwa dada wa mama yao na bibi yao mdogo. Wewe ukibaki mzima, wepesi wao unakuwa mdogo kuliko wako. Ukiugua, wao watakuwa mahali ulipo wewe leo, na umeshaziona namba za Amsterdam. Hakuna daktari atakayekuambia usizae kwa sababu hii.

Kabla sijasahau, dada. Mpelekee maneno mawili. Kwanza, mtu anayetumia kabimazoli akipata homa na koo kuuma, au vidonda mdomoni, asimeze kidonge kinachofuata. Aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu mara chache dawa hiyo huziangusha kwa hatari. Pili, asibebe mimba nyingine kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa kabimazoli haifai wiki za mwanzo za mimba na ipo dawa mbadala kwa kipindi hicho. Na kama kuna mtu anavuta sigara ndani ya nyumba yake, atoke nje. Tumbaku ni katika mambo machache yaliyothibitika kuzidisha Graves, na kwa macho yaliyotoka ni adui mkubwa.

Upande wa pili uwaambie nini? Hapa natoa maoni, siyo dawa. Mwenye haki ya kujua ni mchumba wako. Mkae wawili, umweleze: mama yangu mdogo na dada yangu wana ugonjwa wa kinga kuishambulia tezi, una matibabu, hauambukizi, hauzuii kuzaa, mimi nina nafasi kubwa kuliko watu wengine ya kuupata na nimepima au nitapima. Kabla ya hapo mwombe dada ruhusa, kwa sababu ugonjwa ni wake na si mali ya kikao cha posa. Mama mdogo vile vile. Mshenga mpeni jibu fupi kupitia wazee wenu: swali limesikika, wenye kuhusika wameshaongea. Vyeti vya maabara visipelekwe kikaoni kukaguliwa na watu kumi na wawili. Leo wakiletewa TSH, kesho wataomba kipimo kingine, na hakuna ukoo utakaopimwa wote usionekane na kitu. Hata wa shangazi.

Kuhusu mchumba anayenyamaza: alikuuliza kwa upole kama unaweza kupima. Mimi sioni ubaya kwenye swali hilo. Mjibu "twende wote", umsikilize atakavyojibu. Utajifunza hapo kuliko kwenye vikao vyote.

Nimemweka kaka mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenishtua katika barua yako, na shangazi kwa kumtaja amepatia bila kujua. Balanga nayo ni kinga kujishambulia. Zamu hii inazivamia chembe zinazoipa ngozi rangi. Baadhi ya jeni zake ni zile zile, CTLA4 na HLA zikiwemo, na watu wenye balanga hupata ugonjwa wa tezi zaidi ya wengine. Kisukari cha aina ya kwanza kimo kwenye ukoo huo huo wa magonjwa, na upungufu wa damu unaotokana na tumbo kushindwa kufyonza vitamini B12. Kuwa mwanaume kunampunguzia nafasi ya kuugua tezi, hakuifuti, na kwa sababu hakuna anayemtarajia mwanaume kuugua tezi, hugundulika kwa kuchelewa. Siku utakayokwenda kutoa damu, mchukue na yeye apimwe TSH na anti-TPO, na mwulize kama amekuwa na kiu isiyoisha, kukojoa sana usiku, au ganzi miguuni. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, amwambie daktari hapo hapo, apimwe na sukari na picha kamili ya damu.